Kuhusu springi iliyokatika ya mlango wa gereji

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha mwenyewe springi iliyokatika ya mlango wa gereji hapo nyumbani kwako Tabora, ilhali mota inaunguruma bila kuuinua mlango. Kwanza acha kubonyeza rimoti, kwa sababu uzito wa mlango hubebwa na springi wala si mota, na ukiendelea kuilazimisha utaiunguza au utavunja gia zake.

Iwapo springi yako ni ya kuvutika, yaani ile inayolala kando ya reli, kazi hiyo inawezekana, kwa sharti kwamba mlango uwe umefunguliwa wote na kushikiliwa kwa vibano imara, kwa kuwa hapo ndipo springi inapolegea. Ile ya kusokotwa, iliyovikwa kwenye mhimili juu ya mlango, ni jambo jingine kabisa: mlango ukiwa chini, na kama una springi mbili, ile nzima iliyobaki imekazwa kwa mizunguko ipatayo 7 na nusu kwa mlango wa mita 2.1, na anayeilegeza kwa bisibisi badala ya fito mbili za chuma zinazoenea barabara kwenye matundu yake anaweza kuvunjika mkono. Hiyo mwachie fundi anayeijua. Si kila mchomelea mageti anaijua.

Kabla ya kuagiza Dar es Salaam, pima unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu na upande iliposokotewa, kisha nunua mbili, kwani zilizofungwa pamoja huchoka pamoja.