Njia ya Alaska na trela: dubu mmeuliza, tairi hamjauliza

Tangu theluji ianze kuyeyuka maswali yanamiminika. Familia nyingi za kwetu zilizoko Edmonton, Calgary, Winnipeg, hata ng'ambo ya mpaka kule Minneapolis, zimenunua au kukodi trela za kulala na zinataka kupanda kaskazini shule zikifungwa. Nafurahi kwa moyo wote. Njia ya Alaska inaanzia Dawson Creek katika jimbo la British Columbia, inakatiza Yukon na kuishia Delta Junction, Alaska, karibu kilomita 2,230. Nimeipita miaka mingi, kwanza nikiendesha malori, baadaye na mke wangu na watoto. Mwezi huu zaidi ya nusu ya maswali yanahusu dubu. Kuhusu uzito nimepata moja tu, kwa hiyo naanza na hilo.

Kaka, trela yangu ikijazwa ina kilo 2,700. Aliyeniuzia gari anasema linavuta hadi kilo 3,500. Tuko watu sita. Tuko salama? (Baba wa watoto wanne, Edmonton)

Huenda hamko salama, ingawa aliyekuuzia hakukudanganya. Amekwambia gari linavuta kiasi gani, hakukwambia linabeba kiasi gani. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo fulani. Tuseme kimeandikwa 650. Trela iliyopakiwa sawasawa huegemeza kwenye kiungio, pale shingo yake inapoungana na gari, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Chukua asilimia 12 ya kilo 2,700: ni kilo 324, na zote zinahesabiwa kuwa mzigo wa gari. Wewe kilo 90, mama watoto 75, watoto wanne tuseme 160. Jumla 649. Umebakiwa na kilo moja, na hujapakia hata sufuria.

Hapa ndipo tunapokosea sisi. Tunasafiri kama tunahama. Gunia la mchele, jiko la mkaa, jenereta, viti kumi vya wageni ambao hawapo, na kwa kuwa gari limejaa, vyote vinasukumwa nyuma kabisa ya trela. Mzigo ukikaa nyuma ya magurudumu, shingo ya trela inakuwa nyepesi. Lori kubwa likikupita, upepo wake unaisukuma trela, inaanza kutikisa mkia, na mkia ndio unaoendesha gari. Ikianza hivyo usikanyage breki ya gari kwa nguvu wala usihangaike na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, bana breki za trela kwa ile swichi ya mkono iliyo karibu na usukani.

Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya kulipia. Nenda na familia yote ndani, maji kwenye tangi, kila kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 ni sawa na kubeba wanaume wawili wasioonekana. Ukipata namba, rudi nyumbani upakue. Mchele unauzwa Fort Nelson, unauzwa Whitehorse.

Dubu. (Wasomaji wengi mno)

Nimejibu mwaka jana na mwaka juzi, naomba safari hii mlisome mpaka mwisho. Chakula, takataka, sabuni, dawa ya meno na sufuria chafu vikae ndani ya gari au trela iliyofungwa, kamwe visikae kwenye hema wala mezani nje. Mifupa ya nyama choma msiitupe kichakani. Ukimwona dubu, usikimbie. Dawa ya kupuliza ya dubu inunueni Kanada, yenye maandishi kwamba ni ya wanyama. Ile ya kupulizia watu ni silaha iliyopigwa marufuku nchini humo. Na msisimame katikati ya lami kumpiga picha, maana walio nyuma yenu wanakuja na tani zao.

Mnyama ninayemwogopa mimi njiani ni nyati wa huko, baisani, kwenye bonde la mto Liard. Wanatembea kundi zima juu ya barabara, rangi yao ni giza tupu, na usiku huwaoni mpaka umewafikia. Ndiyo sababu kuu ninawaomba msiendeshe usiku sehemu hiyo.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: matairi

Mwaka 2016 nilinunua trela iliyotumika. Matairi hayakuwa vipara hata kidogo, yaling'aa, nikaridhika. Tulipoipita Fort Nelson tukianza kupanda kuelekea Summit Lake, sikusikia mlio wowote. Niliona tu kwenye kioo cha pembeni moshi mwembamba wa kijivu, kisha utepe wa mpira unapigapiga kama kanga iliyobanwa na mlango wa basi. Kabla sijasimama utepe ule, na nyaya za chuma ndani yake, ulikuwa umechana bati la juu ya gurudumu na kukata bomba la gesi linalopita chini ya sakafu. Harufu ilitupokea tulipofungua milango. Mke wangu aliwabeba watoto akawavusha mtaro, mimi nikakimbilia kufunga mitungi. Kisha nikagundua spana ya gari haiingii kwenye nati za trela, na jeki ya gari haifiki. Tulikaa pale kwa masaa matatu, mbu wametuvamia, mpaka dereva wa lori la magogo aliposimama na kutusaidia. Mtoto wetu wa kati hadi leo akisikia harufu ya gesi jikoni hutoka nje.

Tairi lilipotoka ndipo nikasoma ubavu wake: 1107. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2007. Lilikuwa na miaka 9. Nililaza watoto wangu juu ya mpira wa miaka 9.

Kwa hiyo fanyeni hivi leo. Tafuteni kwenye ubavu wa tairi neno DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwangu, tairi la trela likitimiza miaka 6 linatoka, hata kama meno yake yote yapo, kwa sababu trela hukaa imesimama juani miezi mingi na mpira huoza ukiwa umesimama. Pimeni upepo asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi. Matairi mengi ya trela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kama kilomita 105 kwa saa. Nyie mnakwenda 120 kwa kuwa gari linaweza. Bebeni spea mbili. Jaribuni jeki na spana nyumbani, kwa kufungua gurudumu kweli. Na kila mnaposimama, zungukeni mguse kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono: kimoja kikichoma kuliko vingine, beringi au breki ina shida, msiondoke.

Watoto wanaweza kulala ndani ya trela tukiwa tunatembea? (Mama, Winnipeg)

Hapana, mama. British Columbia ni kosa la kisheria, na hata kusingekuwa na sheria, kule ndani hakuna mkanda hata mmoja. Kumbuka bomba la gesi nililolitaja.

Mtandao wa simu upo njia nzima?

Upo mijini, na kati ya miji ni kimya kwa masaa. Pakueni ramani kabla. Kama simu yenu ina uwezo wa kuita msaada kwa setilaiti, jifunzeni kuutumia mkiwa nyumbani. Na mafuta: likifika nusu tangi, jaza. Trela inakunywa karibu maradufu, na vituo vingine mlivyovisoma kwenye ramani vya zamani vilishafungwa.

Nina pasi ya Tanzania na ukaazi wa kudumu wa Kanada. Mpakani Alaska wataniruhusu? (Msomaji, Calgary)

Bila viza ya Marekani hutaingia. Ukaazi wa Kanada hauchukui nafasi ya viza, na hati ya kusafiria ya mkimbizi pia haichukui. Masharti ya Marekani kwa nchi zetu kadhaa yamekazwa tangu 2025, kwa hiyo usitegemee alichofanya shemeji yako miaka mitatu iliyopita. Ulizia ubalozini kabla hujalipia trela. Aliyeko Marekani mwenye kadi ya kijani anaingia Kanada bila viza, lakini lazima awe na kadi hiyo pamoja na pasi ya nchi yake ambayo haijaisha muda. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya mwenzake. Bangi, hata kama Kanada inauzwa dukani, kuivusha mpaka ni jinai, kwa hiyo kagueni mifuko ya vijana wenu.

Ninachotaka uelewe ni kwamba huhitaji Alaska. Mpaka uko zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Dawson Creek, na uzuri mwingi mmeshaupita kabla yake. Ishieni ziwa Kluane, Yukon. Nyuma ya milima mnayoiona kutoka barabarani kuna mlima Logan, mita 5,959, mrefu kuliko wote Kanada, unaizidi Kilimanjaro yetu kwa mita 64. Kutoka kwenye lami hauonekani, ila ndege ndogo za kukodi zinapeleka watu juu ya barafu yake.

Shikamoo mjomba. Tukibadilishana usukani mimi na kaka yangu, tunaweza kutoka Edmonton hadi Fairbanks kwa siku tatu? (Kijana, Edmonton)

Marahaba mwanangu. Msifanye hivyo. Ni karibu kilomita 3,000, na mna trela. Ukishapita Destruction Bay kuelekea mpakani, ardhi ya chini imeganda tangu kale. Barabara ilipojengwa juu yake joto likaingia, barafu ya ardhini inayeyuka hapa na si pale, na lami imekuwa mawimbi. Ukiyaingia kwa kilomita 90, trela inaruka, kabati zinafunguka, na shingo inagonga chini. Kule ni 50 au 60, ukitazama vibendera na alama walizoweka mafundi wa barabara.

Tena nataka mjue mnapita juu ya kazi ya nani. Barabara hii ilichimbwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, kwa miezi kama minane, wakihofia Japani. Askari walizidi 10,000, na karibu theluthi moja walikuwa Weusi, waliotengwa kwenye vikosi vyao na mara nyingi kupewa vifaa duni kuliko wenzao. Siku ya Oktoba 1942 tingatinga za pande mbili zilipokutana msituni karibu na Beaver Creek, upande mmoja aliyekuwa kwenye usukani alikuwa koplo Mweusi, Refines Sims. Kwa miaka mingi vitabu viliwataja vijana hao kwa uchache. Mkipita, simameni, wasomeeni wadogo zenu vibao vya kumbukumbu. Siku kumi za kwenda ndizo ninazoshauri.

Tunataka kufika Bahari ya Aktiki na trela yetu. Tunapinda Dawson Creek?

La, na hili nalijibu kila mwaka: Dawson Creek na Dawson City ni miji miwili, na kati yake kuna zaidi ya kilomita 1,900. Njia ya Dempster inaanzia karibu kilomita 40 kutoka Dawson City. Ni changarawe, kilomita 740 hadi Inuvik, na tangu 2017 imeunganishwa hadi Tuktoyaktuk baharini. Mawe yake ni makali kama vigae. Acheni trela Dawson City, nendeni na gari na mahema, na ulizeni habari za vivuko kwenye mto Peel na mto Mackenzie kabla ya kuondoka.

Kule jua halizami. Tunaswalije Isha?

Juni hapo Whitehorse jua linatua karibu saa tano na nusu usiku, na giza kamili halifiki. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja. Mwulizeni imamu wenu kabla ya safari ili mkubaliane familia nzima. Whitehorse kuna msikiti. Inuvik pia upo, ulijengwa Winnipeg ukasafirishwa mzima kwa lori na tishari mwaka 2010. Waliousafirisha, nina hakika, waliupima uzito kwanza.

Pale Watson Lake kwenye msitu wa vibao, wasafiri wanapotundika vibao vya kwao, tunaweza kutundika cha Kiswahili?

Ndiyo, bebeni nyundo na misumari yenu.

Mama yangu, miaka 71, anakuja kutoka Tanga kututembelea. Naogopa kumchukua, naogopa kumwacha. (Binti yake, Calgary)

Mchukue. Kwanza mkatie bima ya afya ya mgeni kabla hajapanda ndege, maana bima ya jimbo haimhusu, na kulazwa usiku mmoja tu kunaweza kumaliza akiba yenu. Dawa zake zikae kwenye mkoba wake mbele, si kwenye trela, za siku zote za safari na wiki moja ya ziada. Hospitali ziko Fort Nelson, Watson Lake na Whitehorse, na kati ya Fort Nelson na Watson Lake pekee ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo akijisikia vibaya asubuhi, bakini mjini. Simameni kila masaa mawili anyooshe miguu. Mpe kitanda cha chini.

Mpelekeni kwenye chemchemi za moto za Liard. Mnatembea juu ya njia ya mbao inayopita kinamasi, mvuke unapanda kati ya miti, na maji yana nyuzi 42 hadi 52. Mahali yanapochimbuka yanaunguza. Kama ana presha, akae upande wa chini yanakopita yakiwa yamepoa, dakika chache, akiwa na mtu wa kumtazama. Mbao huwa zina utelezi asubuhi. Mvalishe viatu vya mpira na umshike mkono mpaka ngazini.