Maswali ya Wasomaji: Vitabu vyenye ukungu

SWALI: Klabu yetu ya kusoma hapa Tukuyu ina vitabu viwili vya Waaustralia, Henry Lawson na Patrick White. Vimeota ukungu. Tuvianike juani, kisha tuvitoe kopi?

JIBU: Juani hapana, jamani, gundi ya mgongo hukauka ikapasuka. Visimamisheni wazi kivulini penye upepo mpaka ukungu uwe unga mkavu, ndipo mpanguse nje kwa brashi laini, mkivaa barakoa. Kitambaa kibichi huusukuma ndani ya karatasi. Kwa mvua za huko, rafu ikae sentimita 5 kutoka ukutani. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu.

Lawson alifariki 1922, hakimiliki yake imekwisha, kopi ruksa. Pigeni picha kwa simu, mashine huvunja mgongo. White, mshindi wa Nobel 1973, alifariki 1990: hakimiliki bado ipo.