Mkojo kuponyoka ukikohoa: usijinyime maji

Dada, umeuliza kama kupunguza maji kutazuia mkojo usikuponyoke unapokohoa au kucheka. Hapana, usijikaushe, mkojo mzito huwasha kibofu na kukukimbiza chooni zaidi. Punguza chai na kahawa. Hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, na misuli inayoshikilia kibofu huweza kulegea. Ikaze kama mtu anayezuia ushuzi (ndiyo, cheka tu!) huku unapumua kawaida: sekunde 3, achia, rudia mara 10, mara 3 kwa siku, ukipanda taratibu hadi sekunde 10. Mimi nilikaribia kukata tamaa. Nafuu niliiona mwezi wa 3 wa mazoezi. Chafya ikija, kaza kwanza. Ukiona damu au mkojo unachoma, nenda kwa daktari, hiyo si ya mazoezi.