Maswali Yenu: Comcast ilianzaje, na kwetu kebo imekwama wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mie fundi madishi hapa Mikindani, juzi kibanda umiza tunasubiri mechi ukazuka ubishi, mmoja anasema Comcast, kampuni ya Marekani ya TV za kebo (za waya), ilianza kama duka la vitu vya umeme, mwingine anasema serikali ndo iliwapa mtaji. Nani mkweli? (Fundi, Mtwara)

JIBU: Fundi, wote wamekosa ila wa duka kakosa padogo. Duka lipo, sema si la Comcast. Mwaka 1948 Mahanoy City, Pennsylvania, muuza vyombo vya umeme John Walson anatajwa sana kati ya walioanzisha biashara ya kebo, mji umezungukwa na milima mawimbi hayafiki, sasa TV utamuuzia nani? Akasimika antena juu mlimani akashusha waya mpaka kwa wateja, ni kama we usimike antena juu Newala uwavutie waya walioko bondeni.

Comcast wamekuja 1963. Ralph Roberts alikuwa na kampuni ya mikanda ya suruali, akaiuza maana aliona zinakuja suruali zisizotaka mkanda (mi hapo ndo nilimkubali huyu mzee), akaungana na Daniel Aaron na mhasibu Julian Brodsky wakanunua kampuni ndogo ya kebo Tupelo, Mississippi, kwa dola 500,000, wateja 1,200 tu. Yani hawakuanzisha, walinunua, na mchezo wao ukawa huohuo miaka yote, maana waya ukishavutwa mteja analipa kila mwezi na benki zinapenda hela ya namna hiyo, basi unakopa, unanunua kampuni nyingine, wateja wakiongezeka unakopa tena. Jina Comcast walichukua 1969, hisa wakauza sokoni 1972. Bahati nayo ilikuwepo, 1975 HBO, chaneli ya kulipia inayopita kwenye kebo, walirusha kwa setilaiti pambano la ngumi la Ali na Frazier kutoka Manila, watu wakaona kumbe kebo si ya waliokosa mawimbi tu. Kubwa kuliko ni 2002, walimeza kampuni ya kebo AT&T Broadband yenye wateja wengi kuwazidi wenyewe! Baadae wakanunua NBCUniversal, kampuni ya TV na filamu, na Sky, kampuni ya TV ya kulipia ya Uingereza, 2018.

SWALI: Mbona huku kebo haijashika hivyo? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Tulichelewa dada. Bara TV ilianza 1994, mwaka uliofuata DStv nao wakaingia sokoni Afrika, kwahiyo dishi lilitukuta kabla ya waya. Na kuvuta waya kunalipa nyumba zikibanana, sasa toka Lindi mjini mpaka Nachingwea utavuta nguzo ngapi upate wateja wangapi? Kebo za mijini zipo, kwa leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), ila usiwaonee wivu Wamarekani, Comcast wateja wa TV wanawakimbia kila mwaka, siku hizi kinachowabeba zaidi ni intaneti inayopita waya uleule.