Shotigani kwenye nyumba yenye watoto: ninavyoitunza hapa Goba, Dar es Salaam

Mkuu uliyeuliza kama shotigani uliyopata leseni yake juzi uilaze chini ya godoro ikiwa na risasi, ili wezi wakija usihangaike: usifanye hivyo, nakuomba. Mimi nilifanya.

Yangu ilikuwa inasimama nyuma ya kabati la nguo, risasi moja chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), sefti, yaani kitufe cha usalama, imefungwa. Likizo ya mwezi wa sita akaja mtoto wa dada yangu kutoka Tanga, miaka 8. Mchana mmoja nasikia dada wa kazi anapiga yowe. Kufika chumbani, mtoto ameishika mtutu kwa mikono miwili anaivuta itoke, mdomo wa bunduki uko tumboni kwake. Haikulia. Nilimnyang'anya, nikatoa risasi, nikakaa sakafuni miguu haina nguvu. Jioni nikampigia dada yangu nikamweleza yote. Kesho yake alikuja kumchukua mwanawe, na haki alikuwa nayo.

Watu wanaiamini mno sefti. Kwenye shotigani nyingi inazuia kifyatulio tu. Bunduki ikianguka vibaya, risasi iliyo chemba inaweza kutoka. Chemba iwe tupu. Na kama ni ile ya kukoki kwa mkono, kumbuka bomba la chini ya mtutu nalo linabeba risasi. Toa zote, halafu pitisha kidole uhakikishe.

Sasa inakaa kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani, boliti zikiwa upande wa ndani, mwizi asije akaibeba sefu nzima. Risasi zina kisanduku chake chenye kufuli. Namba ya sefu naijua mimi peke yangu, kwa sababu leseni ina jina langu peke yangu. Betri ya kufuli lake la namba nabadilisha kabla haijaisha.

Utasema nitachelewa. Hilo nimelitafutia dawa kwenye milango. Nimeweka grili kwenye korido, kati ya sebule na vyumba, na kila usiku inafungwa. Kukitokea kishindo, watoto wanakimbilia chumbani kwetu, mama yao anapiga 112 na kuamsha majirani, mimi nafungua sefu. Tumefanya mazoezi taa zimezimwa, bila risasi, maana umeme wetu mnaujua. Mara ya kwanza nilitumia zaidi ya dakika nzima; siku hizi sekunde 30 hazifiki. Kukata grili kunahitaji muda mrefu kuliko huo, na kelele yake mtaa mzima unaisikia. Tukishajifungia ndani, sitoki kumfuata mtu kwa ajili ya televisheni.

Jambo jingine ni hewa yetu ya chumvi. Masika ya kwanza niliiacha ndani ya mfuko wake wenye sponji. Nilipofungua, mtutu una kutu. Usiihifadhi kwenye mfuko. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na isimamishe mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasishuke kwenye kitako cha mbao. Risasi zikianza ukijani kwenye shaba, usizitegemee tena.

Siku zile nasubiri fundi amalize sefu, bunduki niliipeleka kituo cha polisi tukaandikishana, ikalala huko. Kama sefu yako haijafika, kawaulize leo kabla giza halijaingia.