Nimsomee nini? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umemnunulia mjukuu wangu kitabu cha picha, ukakifungua wakati wa kulala, ukakuta hakina hata neno moja. Mtoto amepoteza kiatu kimoja mtoni, kiatu kinaelea, kinapita chini ya daraja, na kwenye ukurasa wa mwisho kimekwama juu ya mti, ndege kajenga kiota ndani yake. Basi. Ukajikuta umempakata mtoto wa miaka minne na hujui cha kumwambia, ndipo ukaniuliza: "Mama, nimsomee nini?" Tena kila siku yeye anakisimulia tofauti, na anashikilia kwamba yule ndege ndiye aliyekiangusha kiatu mtoni tangu mwanzo, jambo ambalo wewe hulioni kitabuni. Unataka kujua umsahihishe au umwache, na kama kitabu cha namna hii hakitamchelewesha kusoma.

Kabla sijakujibu, kuna jambo ningepaswa kukuambia zamani.

Ulipokuwa na miaka mitano tulikuwa na kitabu cha aina hiyo hiyo. Kilikuwa na picha ya nyumba usiku, mvua inanyesha, maji yanatiririka kwenye vioo vya madirisha mawili ya mbele. Ukaweka kidole pale ukasema, "Nyumba inalia." Nami, kwa haraka ya mtu mzima anayetaka mwanawe ajue mambo sawasawa, nikakwambia, "Hapana, hiyo ni mvua." Ukanyamaza. Tulipofungua ukurasa uliofuata ulinitazama mimi, picha hukuitazama, ukauliza: "Hapa wanasemaje?" Tangu siku ile, kila tulipokishika kile kitabu uliuliza hivyo hivyo, nami nikawa nakusimulia hadithi yangu nikidhani nakusaidia. Nyumba haikulia tena. Swali unaloniuliza leo ukiwa baba ni lile lile, na aliyekufundisha kuliuliza ni mimi. Unisamehe, mwanangu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usimsomee. Kaa naye, yeye akusomee wewe.

Hebu fikiri neno letu "kutunga". Tunatunga shanga, na tunatunga hadithi. Mchoraji wa hicho kitabu amekupa shanga tu, uzi hakuutia. Kiatu kiko majini. Ukifungua ukurasa, kiatu kiko chini ya daraja. Kati ya picha hizo mbili muda umepita, mkondo umekisukuma kiatu, na mwenye kiatu labda anakimbia kando ya mto au amekaa analia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichochorwa. Vyote vinatoka kichwani mwa anayetazama. Kwenye kitabu chenye maneno, mwandishi anakushika mkono: "baada ya muda", "kwa sababu", "akakata tamaa". Hapa mtoto anaitafuta "kwa sababu" yake mwenyewe, na akiipata ni mali yake.

Wataalamu wa lugha wameichunguza kazi hiyo kwa makini sana, tena kwa kutumia kitabu kisicho na maneno. Mwaka 1969 mchoraji wa Marekani, Mercer Mayer, alitoa kitabu kidogo cha picha 24 kuhusu mvulana na mbwa wake wanaomtafuta chura aliyetoroka. Mwaka 1994 Ruth Berman na Dan Slobin walichapisha utafiti mkubwa uliowapa watoto na watu wazima kitabu hicho hicho, wakakisimulia kwa Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kiebrania na Kituruki. Watoto wa miaka mitatu mara nyingi walitaja picha mojamoja: huyu mbwa, huyu chura, hapa kuna mti. Shanga zimetawanyika sakafuni. Kadiri umri ulivyosogea walianza kuunganisha picha mbili tatu, na kufika miaka tisa wengi walikuwa na uzi mmoja wa kutoka mwanzo hadi mwisho: mvulana amempoteza chura wake, na kila anachofanya anakifanya kwa ajili ya kumpata.

Mwanzoni mwa kitabu kile kuna picha ninayoipenda. Ni usiku, mvulana na mbwa wamelala, na chura anatoka taratibu ndani ya chupa yake. Anayetazama anajua, mvulana hajui. Asubuhi chupa ni tupu. Ili kusimulia picha hizo mbili vizuri mtoto lazima abebe akilini mambo mawili kwa pamoja, anachokijua yeye na asichokijua mwenzake. Sisi tuna neno dogo la kubeba hayo yote: kumbe. Siku utakapomsikia mjukuu wangu akisema "kumbe" mbele ya picha, ujue ameingia ndani ya kichwa cha mtu mwingine na kutoka salama. Mimi sijui zoezi la shule linalomfikisha mtoto hapo kwa upole kiasi hicho.

Sasa huyo wako ana miaka minne, na tayari ana ndege mwenye nia na mpango kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huyo amekwisha kutunga, mwanangu. Wewe unaiita kosa.

Na kubadilisha hadithi kila siku kusikutie wasiwasi. Jana kiatu kilipotea kwa sababu mtoto alikimbia. Leo kiliangushwa na ndege. Kesho labda kiatu chenyewe kilichoka kuvaliwa. Anajaribu sababu mojamoja aone ipi inazishika picha zote bila kukatika. Akikutana na picha inayomkatalia, utamwona anarudisha kurasa nyuma, anatafuta. Kitabu cha picha hakikubali kila kitu. Kiatu kikiwa majini kiko majini. Mawazo ya mtoto hukomaa anapopambana na kile kilichochorwa kweli, kwa hiyo usiogope kwamba ataishia kusema lolote tu.

Namna ya kukaa naye ndiyo ngumu, na hapo nataka unisikilize kuliko kwingine. Anza na jalada, na usiziruke zile kurasa za mwanzo kabisa zinazoshika jalada. Wachoraji wa vitabu hivi wanapenda kuianza hadithi huko, kabla hata jina la kitabu halijaandikwa. Kilaze kitabu wazi kabisa. Mchoraji wa Korea Kusini, Suzy Lee, alitoa mwaka 2008 kitabu kuhusu msichana na bahari, kwa rangi ya mkaa na buluu basi, na ndani yake msichana yuko ukurasa wa kushoto, mawimbi yako ukurasa wa kulia, na mkunjo wa katikati ndio mpaka ambao mmoja wao atathubutu kuuvuka. Ukikishika kitabu kama hicho nusu kimefungwa, umemficha mtoto sehemu ya hadithi.

Mara ya kwanza pitieni kurasa zote kimya. Najua kimya kitakutesa. Utataka kusema "ona daraja!" Jizuie, mwache yeye ashike kona ya ukurasa na kuamua lini afungue. Kuna ukurasa atakaokaa nao dakika nzima na kuna atakaouruka kama haupo, na wewe mwendo wako ni kumfuata. Mara ya pili ndipo muulize, na uulize usichokijua. "Hiki ni nini?" ni mtihani, na mtoto anajua kwamba jibu unalo. "Unadhani anawaza nini hapa?" ni swali kweli, kwa maana wewe pia hujui. Akijibu, lichukue jibu lake ulirefushe kidogo halafu umrudishie: "Ndege amekasirika. Amekasirika kwa sababu kiota chake kimebomoka, au kuna jingine?" Kisha nyamaza tena. Anayesema "paukwa" hawezi kuendelea mpaka mwenzake aseme "pakawa". Usimwibie zamu yake.

Hili si wazo langu peke yangu. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walieleza jaribio la mwezi mmoja kwa wazazi wenye watoto wa miaka miwili hivi. Kundi moja liliendelea kuwasomea watoto vitabu vya picha kama kawaida. Kundi la pili lilifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kurefusha alichosema mtoto, na kumwachia nafasi ya kusema. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi la pili walikuwa mbele katika kuzungumza, na sentensi zao zilikuwa ndefu zaidi. Wazazi wale walifundishwa kufanya hivyo na vitabu vyenye maneno. Kitabu chako kinakulazimisha, maana ukimnyima mtoto zamu hakuna kinachobaki.

Kusahihisha kupo, ila kwa njia nyingine. Akimwita korongo bata, huna haja ya "hapana". Sema, "Korongo huyu miguu yake mirefu kweli," halafu endeleeni. Neno atalichukua, na hadithi yake haitavunjika. Jina la kitu unaweza kumpa. Sababu ya kitu mwachie.

Kuhusu kusoma nitakujibu kwa kifupi, kwa sababu hapo sina shaka. Kitabu hicho hakitamfundisha herufi, na usikitegemee kwa hilo. Mtoto anahitaji pia vitabu vyenye maneno, anahitaji kusikia sentensi nzuri zilizotungwa na mtu mwingine, kwa hiyo endelea kumsomea hivyo kila siku. Lakini atakapozijua herufi zote bado atatakiwa kuelewa kwa nini mtu kwenye hadithi amefanya alichofanya, na kazi hiyo ameshaianza.

Umeniandikia pia kwamba huenda kitabu hicho ni cha watoto wachanga. Hapana, mwanangu. Mwaka 1919 msanii wa Ubelgiji, Frans Masereel, alitoa riwaya nzima ya watu wazima kwa picha 167 zilizochongwa kwenye mbao, bila neno ndani ya hadithi. Shaun Tan wa Australia alitoa mwaka 2006 kitabu kinene kuhusu mtu anayehamia mji wa mbali, na mabango yote ya mji huo akayaandika kwa herufi alizozibuni mwenyewe. Msomaji anasimama mbele ya mabango hayo hajui hata moja linasema nini, sawasawa na yule mhamiaji. Hiki ukikitafuta, kisome wewe kwanza, peke yako, usiku.

Na kuhusu watu waliohama, kuna kisiwa cha Italia kiitwacho Lampedusa, ambacho kiko karibu zaidi na pwani ya Afrika kuliko Italia bara. Watu wengi wamefika pale kwa mashua, na watoto wao pamoja nao. Mwaka 2012 IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto lililoanzishwa mwaka 1953, lilianza kukusanya vitabu visivyo na maneno kutoka nchi mbalimbali kwa ajili ya maktaba ya watoto kisiwani humo, wenyeji na wageni. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtoto anayeongea Kitigrinya na mtoto anayeongea Kiitaliano wameinama juu ya kitabu kimoja, na hakuna kati yao anayeweza kumwambia mwenzake "wewe hujui kusoma". Hata mzazi ambaye hakupata kwenda shule anaweza kukaa na mwanawe juu ya kitabu kama hicho bila aibu. Kuna wazazi wangapi wanaokwepa vitabu vya watoto wao kwa sababu hiyo tu? Kama unamjua mmoja, mpelekee kitabu cha namna hii bila kumwambia ni kwa nini.

Nina ombi. Siku moja anaposimulia, chukua kalamu uandike maneno yake kama yanavyotoka, na makosa yake yote, halafu umsomee. Ataona kwamba alichosema kinaweza kukaa kwenye karatasi. Nakala moja uniletee.

Halafu rudi kwenye huyo ndege. Mimi kitabu sina mbele yangu, lakini wachoraji hawa wana tabia ya kupitisha hadithi ya pili pembeni, pale tusipoangalia sisi wenye haraka ya kujua kinachofuata. Na macho ya mtoto hayana haraka hiyo. Kesho usiku fungua ukurasa wa kwanza pamoja naye umtafute: juu ya ua, kwenye paa, nyuma ya majani. Kama yupo, mwombe radhi. Na kama hayupo, muulize alikuwa amejificha wapi, halafu uniandikie alichokujibu.

Ni mimi mama yako.