Na yule mlinzi je?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mpinga vita anayeharibu mali ya jeshi afungwe kama mhalifu mwingine, au hakimu aangalie nia yake? Mkatoa mfano wa Sista Megan Rice wa Marekani. Nilikuwa nakunywa chai, ikapoa mezani.

Kwa aliyekosa toleo lile: usiku wa Julai 28, 2012, sista huyo mwenye miaka 82 na wanaume wawili walikata nyua za Y-12, Oak Ridge, Tennessee, ambako Marekani inahifadhi urani ya mabomu ya nyuklia. Hapo hapo ndipo ilipotayarishwa urani ya bomu la Hiroshima. Wakamwaga damu ukutani, wakaandika maneno ya amani, wakagonga zege kwa nyundo, wakangoja kukamatwa. Februari 2014 sista alipewa miezi 35, wenzake miezi 62 kila mmoja, pamoja na fidia ya karibu dola 53,000.

Sawa. Na mlinzi wa kwanza kuwafikia, aliyetambua kwamba ni wapinga vita tu na akawachukulia kwa utulivu? Kibarua chake kiliota nyasi. Huyo hamkumtaja.

Mzee wangu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shule ya bweni. Koti refu, rungu, tochi ya betri tatu, filimbi shingoni. Mwaka ule wanafunzi walikuwa wanalishwa maharage yaliyobunguliwa, unakula huku unatenga wadudu pembeni ya sahani. Walilalamika, hawakusikilizwa. Usiku mmoja vijana wa kidato cha tatu wakakata seng'enge, wakavunja stoo, wakabeba magunia na kuyamwaga mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule. Baba aliwakuta kwenye gunia la mwisho. Akawamulika usoni mmoja mmoja, na wote aliwajua kwa majina. Hakupuliza filimbi. Aliwaambia, "Wanangu, mmeshamaliza, nendeni mkalale." Mama alipomuuliza baadaye kwa nini hakupuliza, alijibu kwamba maharage yale alikuwa akiyala na yeye.

Wanafunzi walisimamishwa wiki mbili, wakarudi na wazazi wao. Baba hakurudi. Miaka kumi na moja ya lindo, bila kiinua mgongo, na mimi nikahamia kwa shangazi kwa sababu ada ilikuwa haipatikani. Ndiyo maana nilipokaa kuandika nilikusudia kusema: wafungwe, tena miezi yote. Mwenye dhamiri ana watu wa kumwandikia magazetini. Mwenye filimbi hana.

Lakini nikikumbuka, lazima nimalizie. Miaka mingi baadaye mmoja wa vijana wale, ameshakuwa mtu mzima mwenye kitambi, alikuja nyumbani na mfuko wa mchele kuomba radhi. Baba hakuugusa mchele. Aliuliza tu, "Maharage yalibadilishwa?" Yalibadilishwa, akajibiwa. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwita mama aje apokee mzigo.

Basi sijui hasira hii niliyoibeba ni ya nani, kama mwenyewe aliitua.

Sista yule alikuwa amefundisha Nigeria na Ghana kwa takriban miaka 40, na siku ya hukumu alimwomba jaji asimwonee huruma. Mei 2015 mahakama ya rufaa, majaji wawili kwa mmoja, ilifuta hatia ya hujuma: kukata uzio na kugonga ukuta si kuzuia ulinzi wa taifa. Wakatoka baada ya miaka miwili hivi. Naona rufaa ilipatia. Hata hiyo miwili, kwa bibi wa umri ule, ilizidi. Hatia ya kuharibu mali ibaki, maana uzio ulikatwa kweli, na alikuwepo mtu aliyekabidhiwa aulinde. Wala asiniponze mtu: sizisemei kambi za kwetu, huko seng'enge usiiguse hata ukiwa na rozari mkononi.

Ila zile dola 53,000, kama ningekuwa jaji, nusu ningeiachia serikali ikazibe uzio wake, nusu ningempelekea mlinzi. Najua sheria haina kifungu hicho.